Kinasa sauti cha kumrekodi Bibi: uzoefu wangu na Tascam DR-05X hapa Tanga

Bibi yangu ana sauti ndogo. Ukikaa naye barazani kwetu Ngamiani huna budi kumsogelea, maana neno lake hufika nusu ya njia likamezwa na bodaboda, na kunguru, na muuza kahawa anayepita akigonga vikombe. Lakini kichwani mwake zimo tenzi alizozishika akiwa msichana kwa kusikia tu, bila kitabu, na zimo nyimbo za Kidigo za kubembelezea watoto ambazo mama anazijua nusu na mimi sizijui kabisa. Ndiyo maana nilitafuta kinasa sauti. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yanaegemea upande mmoja: nilitaka kifaa cha kunasa sauti ya mzee anayesema polepole, nyumbani, katika mji wa pwani wenye upepo. Mwenye kutaka kurekodi bendi ana mahitaji mengine.

Nilianza na simu. Kwa mazungumzo ya kawaida simu inatosha, lakini kwa utenzi iliniangusha mahali pabaya. Simu imeundwa imsikie mtu aliyeweka mdomo karibu, na ya kwangu hupunguza yenyewe kila inachokiona kuwa ni kelele. Sasa Bibi anapofika mwisho wa mstari, pale kina kinapotua, sauti yake hushuka. Simu ikaihesabu ile sauti iliyoshuka kuwa kelele, ikaififisha. Nikawa na utenzi mzima usio na vina! Na siku moja shangazi alipiga simu katikati ya ubeti, rekodi ikakatika hapo hapo. Tangu siku hiyo, hata nikirekodi kwa dharura kwa simu, naiweka kwanza kwenye hali ya ndege.

Kisha nikaazima kinasa cha mtu, chapa yake siitaji. Nilibonyeza kitufe chekundu, taa ikawaka, mishale ya sauti ikawa inapanda na kushuka kila Bibi akitamka. Alisoma karibu dakika 40, macho ameyafumba, mkono unapiga goti kwa taratibu. Alipomaliza nikatafuta faili nisione kitu. Kumbe kubonyeza mara moja kunakiweka kifaa katika hali ya kusubiri tu, ili upange kiwango cha sauti. Kurekodi huanza ukibonyeza mara ya pili. Taa ilikuwa ikimweka, haikutulia, nami sikujua tofauti. Nilirudi kwa Bibi wiki iliyofuata nikamwomba asome tena. Akasoma, lakini beti mbili za katikati hazikurudi. Aliniambia, "Yale yalikuja siku ile, mjukuu wangu." Jambo hilo bado linaniuma, nami nimelieleza kwa kirefu ili lisimfike mwingine.

Nilipokwenda kununua nilikuwa napima vitatu. Cha kwanza Sony ICD-PX470. Hiki ni kidogo, kinaingia mfuko wa kanzu, kina kumbukumbu ya ndani ya gigabaiti 4 na sehemu ya kadi, na kina USB yake inayochomoza, unakichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa mwanafunzi anayerekodi mihadhara au mwandishi anayefanya mahojiano ningekipendekeza bila kusita. Mimi nilitaka maikrofoni kubwa zaidi na uwezo wa kurekodi WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya biti 24, yaani inayopima ukubwa wa sauti kwa undani zaidi, nikakiacha.

Cha pili Zoom H1essential, kilichotoka mwaka 2024. Huyu ndiye aliyenikosesha usingizi. Anarekodi biti 32 floti, maana yake huhitaji kupanga kiwango cha kupokea sauti kabla ya kuanza: sauti ndogo unaipandisha baadaye kwenye kompyuta, na kubwa unaishusha bila kuikuta imepasuka, ilimradi haikuzidi uwezo wa maikrofoni zenyewe, ambao ni desibeli 120 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Pia kina sauti inayosoma menyu kwa mtumiaji asiyeona, jambo ambalo nimelipenda sana, na kurekodi kunaanza kwa kubonyeza mara moja. Baada ya mkasa wangu, hilo la mwisho peke yake lilitosha kunivuta.

Lakini nilichukua cha tatu, Tascam DR-05X, cha mwaka 2019, ambacho hubonyezwa mara mbili. Nitaeleza kwa nini.

Zoom hiyo ina maikrofoni mbili zilizopishana, kila moja inasikiliza zaidi mbele yake. Ni nzuri kwa kumlenga mtu na kupunguza yanayotoka nyuma. Za Tascam hii zinasikia pande zote sawasawa. Wengi wataona huo ni udhaifu, kwa sababu chumba chote kinaingia. Lakini maikrofoni za namna hii zina faida mbili zinazonihusu. Haziongezi besi zikisogezwa karibu na mdomo, kwa hiyo naweza kukiweka kifaa sentimita 25 kutoka kwa Bibi na sauti yake ikabaki yake. Tena hazisumbuliwi na upepo kama zile za kulenga. Anayeishi Tanga anajua kusi likishika linavyoingia dirishani. Unaweza kufunga dirisha lakini joto nalo litakutoa.

Ukaribu ndio wenye kazi kubwa kuliko kifaa chenyewe. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti inaongezeka takriban desibeli 6. Kutoka mita moja hadi nusu mita, sita. Kutoka nusu hadi robo, sita nyingine. Vinasa vya bei hii vyote vina mvumo wao wa ndani, ule wa "shiii" unaousikia ukipandisha sauti sana. Ukikaa mbali na mzee mwenye sauti ndogo, unalazimika kupandisha, na ule mvumo unapanda nao. Ukisogea, huuhitaji. Mimi nakilaza kinasa juu ya mto mdogo kwenye kigoda mbele ya Bibi, mto unazuia mitetemo ya sakafu na ya kigoda chenyewe. Sikishiki mkononi kamwe, maana vidole vinasikika.

Sababu nyingine ni betri. DR-05X inatumia mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na hakuna duka la mtaani hapa lisilo nazo, hata ukifika Tongoni. Zoom inatumia AAA, za rimoti, ambazo pia zipo lakini hudumu muda mfupi zaidi. Ila nunua alkalaini. Zile za bei ya chini kabisa hazihimili kifaa cha namna hii, zinaonyesha zimejaa halafu zinakufa ghafla. Umeme ukikatika usiku, na hapa unakatika, mimi na Bibi tunaendelea na taa ya kandili, na kusema kweli hizo ndizo rekodi zangu safi kuliko zote: jokofu limenyamaza, pangaboi limesimama, televisheni ya jirani imezimwa.

Pangaboi nalizima hata umeme ukiwepo. Masikio yetu yamelizoea hatulisikii tena, kinasa kinalisikia mwanzo hadi mwisho.

Mpangilio ninaotumia ni WAV, biti 24, kilohezi 48 (yaani sauti inapimwa mara 48,000 kila sekunde). Inakula karibu gigabaiti 1 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba kama saa 30. MP3 ya kilobiti 128 ingekula chini ya megabaiti 60 kwa saa ile ile, na kwa mkutano wa mtaa sina ugomvi nayo. Lakini MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi. Utenzi wa mtu wa miaka zaidi ya 80 siupunguzi hata kidogo. Ndugu walioko Dar na Mombasa nawatengenezea nakala ya MP3 baadaye, naituma WhatsApp kama dokumenti ili isibanwe zaidi.

Kiwango cha sauti napanga mwenyewe, na hapa nawasihi mnisikilize. Kifaa kina njia ya kujipangia, ukiiwasha kinapandisha na kushusha chenyewe. Kwa utenzi ni hasara. Bibi akivuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, kinaona kimya, kinapandisha, na kunguru wa nje anaingia kwa nguvu kana kwamba yuko chumbani. Bibi akianza tena, kinashusha. Inakuwa kama chombo kinachoyumba. Ninamwambia Bibi asome mistari miwili mitatu kwa sauti ya kawaida, napanga mshale wa juu kabisa ufike kwenye alama ya -12, yaani desibeli 12 chini ya 0, kikomo ambacho sauti ikikipita hupasuka, naacha hapo. Biti 24 zinakuruhusu kubaki chini kidogo bila kuharibu kitu.

Hii ndiyo nafasi pekee niliyojuta kutochukua Zoom. Nilialikwa Maulidi mtaani, nikakipeleka. Kasida ilianza na mtu mmoja, sauti laini, nikapanga kwa hiyo. Matari yalipoingia yote pamoja, sauti ikapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikashusha kiwango, sehemu iliyobaki ikatoka vizuri. Yule ustadhi wa madrasa aliniuliza anunue kipi kwa ajili ya shughuli zake, nikamwambia H1essential, tena bila kufikiri mara mbili. Yeye anarekodi mnong'ono na kishindo ndani ya dakika moja, na hana muda wa kukaa akiangalia mishale.

Kuhusu upepo: sponji nyembamba haifui dafu ufukweni. Unahitaji ile kofia ya manyoya, ambayo kwa Tascam huuzwa peke yake. Sikuipata kwa urahisi, nikampelekea fundi cherehani kipande cha manyoya cha kofia ya koti la mtumba, akanishonea kifuko chenye mpira chini. Raskazone jioni, kusi likivuma, kifuko hicho kilifanya kazi, pamoja na kuwasha kichujio cha kukata sauti za chini, ambacho mimi nakiweka hezi 80. Sauti ya mtu iko juu ya hapo, ngurumo ya upepo na malori iko chini. Kwa ngoma nakizima, la sivyo ngoma inakuwa kopo.

Kadi ya kwanza niliyonunua, iliyoandikwa gigabaiti 64, ilikuwa feki. Ilipokea faili zote kwa heshima, lakini zilizopita gigabaiti chache za mwanzo hazikufunguka. Muuzaji simtaji, huenda naye aliuziwa. Nenda na kompyuta mpakato, au ifanyie kazi hii siku ile ile unayonunua: programu ya bure iitwayo H2testw inaijaza kadi yote kisha inasoma tena kila ilichoandika. Inachukua muda mrefu, na ni bora muda huo upotee kuliko sauti ya mzee.

Kuhusu bei, hiyo Zoom na hii Tascam huko Marekani zimekuwa zikizungukia dola 100, kisha ongeza usafiri na faida ya muuzaji mpaka zifike kwetu. Si pesa ndogo. Mimi nilidunduliza.

Kila rekodi naianza kwa kutaja tarehe, mahali, jina la msomaji na kwamba amekubali kurekodiwa, kwa sauti, ndani ya faili lenyewe, kwa sababu jina la faili linaweza kubadilishwa na mtu yeyote. Kuna nyimbo ambazo Bibi amesema ni za wanawake na hazitoki nje ya ukoo. Hizo ziko kwenye folda yake, sizitumi popote. Na kifaa chenyewe nakihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, maana hewa yetu ya chumvi inakula chuma taratibu.

Mwezi uliopita nilimvalisha Bibi hedfoni asikie utenzi wake. Alisikiliza ametulia, kisha akaniinulia kidole. "Rudisha." Nikarudisha. "Hapo nimekosea kina." Nilikuwa nimeusikia ubeti ule mara nyingi na sikuwahi kugundua, na kwenye simu kina chenyewe kisingesikika. Akaniambia niwashe tena. Nilibonyeza mara mbili, nikangoja taa itulie, nikamwonyesha namba za muda zinazotembea. Ubeti ule tuliurudia mara tatu mpaka akaridhika. Faili zote tatu ninazo, na lile la mwanzo lenye kosa pia sikulifuta.