Kabla hujanunua shamba Subukia: huduma za kukueleza hali ya usalama, zimepimwa

Mtu anayetafuta ekari mbili Subukia, Rongai au Kuresoi huuliza mapema: huku kuna wezi? Wakala wa mashamba atasema hakuna. Mwenye kuuza ataapa hakuna. Ukiingia mtandaoni utakutana na takwimu za Kaunti ya Nakuru nzima, na kijiji unachohamia hakimo. Tumezipima huduma zilizopo, kuanzia ripoti za kitaifa hadi mzee wa nyumba kumi (kiongozi wa kamati ya usalama ya majirani), kwa kigezo kimoja: zitamfaa vipi mtu atakayelala na ng'ombe watatu katika kata fulani, barabara fulani?

Kwa kifupi, ripoti za kitaifa zinafaa kwa kujua aina za uhalifu na hazifai kwa kujua mahali. Barua kwa kamanda wa polisi ndiyo huduma bora kuliko zote, na karibu hakuna anayeitumia. Mzee wa nyumba kumi ana habari nyingi kuliko wote wawili, lakini zitatoka tu ukijua kuuliza.

Ripoti za kila mwaka

Huduma ya Taifa ya Polisi hutoa ripoti ya uhalifu kila mwaka, na Shirika la Taifa la Takwimu huchapa majedwali ya aina hiyo katika ripoti yake ya uchumi, sura ya utawala na usalama. Zote ni za bure. Ubora wake ni mpangilio: wizi wa mifugo una safu yake, mbali na wizi wa kawaida, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi, mauaji, wizi wa mfanyakazi, dawa za kulevya na uharibifu wa mali. Kwa mtu wa shamba, safu hiyo moja ni muhimu kuliko jumla yote iliyo chini ya ukurasa.

Tatizo ni kwamba safu hizi hazina uzito sawa. Mauaji huripotiwa karibu yote, kwa sababu maiti haiwezi kuzikwa kimyakimya bila maswali. Uvunjaji wa nyumba huripotiwa ikiwa kilichoibwa kina thamani. Wizi wa mifugo uko katikati: kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka mwizi wa mifugo kwenye hatari ya kufungwa hadi miaka 14, na ndiyo maana familia ya kijana aliyeshikwa hukimbilia kwa wazee, ng'ombe akalipwa, mambo yakaisha bila faili kufunguliwa. Ubakaji na unajisi ndio unaofichwa zaidi, hasa mtuhumiwa akiwa wa ukoo. Safu ya pombe haramu na bangi nayo inapima bidii ya polisi: mwaka wa misako mingi idadi hupanda, mwaka wa kulala hushuka, na wanywaji wa chang'aa ni wale wale.

Mfano wa jinsi jumla inavyoweza kupotosha uko wazi. Mwaka 2019 makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchini yalikuwa 93,411. Mwaka 2020 yakawa 69,645, pungufu ya takriban robo. Anayesoma haraka atafikiri Wakenya waliokoka. Huo ndio mwaka wa kafyu na vizuizi vya Korona: baa zilifungwa, safari zikakatika, na kwenda kituoni kwenyewe kukawa kazi.

Halafu kuna hesabu ya viwango. Kiwango hupatikana kwa kugawa idadi ya makosa kwa idadi ya watu, kisha kuzidisha kwa 100,000. Kwa sensa ya 2019 Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202. Kati yao zaidi ya theluthi moja walikuwa katika kaunti ndogo tatu tu: Nakuru Mashariki, Nakuru Magharibi na Naivasha. Wastani wa kaunti kwa hiyo umebebwa na mitaa ya mji na mashamba ya maua. Subukia yote ilikuwa na watu 85,164. Huko kosa moja tu linaongeza kiwango kwa 1.17 kwa kila watu 100,000. Naivasha, yenye watu 355,383, kosa hilo hilo linaongeza 0.28. Chukua mfano wa kesi 9 za wizi wa mifugo mwaka mmoja na 15 mwaka unaofuata. Kiwango cha Subukia kinaruka kutoka 10.6 hadi 17.6, na gazeti litaandika kwamba wizi umepanda kwa theluthi mbili, ilhali huenda ni genge moja lililopita kwa usiku mbili. Kaunti ndogo ndogo zisomwe kwa miaka mitatu au minne pamoja, kamwe si kwa mwaka mmoja. Kumbuka pia kwamba kesi moja inaweza kuwa ya mbuzi mmoja au ya zizi zima.

Barua kwa kamanda wa polisi

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua huandikwa kwa Kamanda wa Polisi wa Kaunti Ndogo. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Bila muhuri huo siku 21 hazina mwanzo.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua. Ukiandika "naomba kujua hali ya usalama", utajibiwa kwamba hali ni shwari, na hapo umekwisha. Uliza idadi: kesi zilizoripotiwa kwa kila mwezi kwa miezi 36 iliyopita, katika kituo fulani, kwa makundi manne tu, yaani wizi wa mifugo, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi na uharibifu wa mali. Kwa mifugo ongeza idadi ya wanyama walioibwa na waliopatikana. Sema wazi kwamba huhitaji majina wala kesi zinazochunguzwa, kwa sababu hizo ndizo sababu za kwanza za kukataliwa. Usiombe kusoma OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, mwenyewe. Kitabu hicho kina majina ya walalamishi na waathiriwa, na afisa atakayekufungulia atakuwa anakosea. Wakinyamaza baada ya siku 21, hatua inayofuata ni Tume ya Utendakazi wa Haki (Ombudsman), ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo.

Safu ya uharibifu wa mali tumeiweka makusudi. Uzio uliokatwa, mahindi yaliyofyekwa yakiwa mabichi, nyasi zilizochomwa: mambo hayo yakijirudia katika kata moja pamoja na kesi za kupigana, mara nyingi unatazama mgogoro wa mpaka. Wakala hatakuambia hilo, na pengine ploti yako iko katikati yake.

Tukiwa kwenye OB, namba yake ina siri ndogo inayofaa kujulikana. Ukiripoti kupotea kwa kitambulisho utapewa namba kama 12/7/3 na mwaka. Namba ya kwanza, 12, ni ya tukio la kumi na mbili siku hiyo (7/3 ni tarehe na mwezi), na kesho yake hesabu inaanza upya moja. Wengi hudhani huo ndio wingi wa uhalifu. Sivyo, kwa sababu kitabu hicho huandikwa kila kitu: afisa kuingia zamu, ukaguzi wa seli, doria kutoka na kurudi. Kituo cha mashambani kikiwa kwenye namba ya 12 jioni, huenda malalamiko halisi ya wananchi ni mawili. Abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha kwamba uliripoti, ni ya bure, na kuandikishwa OB pia ni bure.

Kikwazo kimoja cha barua ni mipaka. Eneo la kituo cha polisi halifuati kata ya chifu kila mara, na kijiji cha pembeni kinaweza kuripoti kituo cha upande wa pili kwa sababu tu matatu inapita huko. Kabla ya kuandika, uliza wenyeji watatu wakiibiwa huripoti wapi.

Chifu na nyumba kumi

Mpango wa nyumba kumi uliingizwa Kenya mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, kwa kufuata mfano wa Tanzania. Kwenye karatasi kila nyumba kumi zina kamati na kila mgeni anajulikana. Mashinani inategemea mtu. Kuna kata ambazo mzee anajua hadi kijana aliyerudi jana kutoka Nakuru mjini na redio ambayo hakuondoka nayo. Kuna kata ambazo kamati ilichaguliwa, ikapigwa picha, ikafa. Udhaifu mkubwa ni siri: mtu akitoa habari na jina lake likafika kwa mshukiwa mara moja, kijiji kizima hufunga mdomo kwa miaka.

Kumjua mzee aliye hai kazini ni rahisi. Mwulize ni lini mara ya mwisho waliketi, na ni nani alihamia karibuni. Asiyeweza kutaja mgeni hata mmoja hana orodha. Kisha acha neno "usalama" kabisa, kwa sababu hilo linamfanya aseme kama yuko barazani, na uulize maswali ya kazi:

Wanaopeleka maziwa kituo cha kupozea huondoka saa ngapi, na je, wamebadilisha saa mwaka huu? Mama aliyekuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri peke yake, sasa anangoja wenzake hadi kupambazuke, amekupa takwimu ambayo hakuna ripoti inayo.

Boda boda wa stegi hukataa njia ipi usiku? Usimwulize kama kuna hatari. Mwambie akutajie bei ya saa mbili usiku hadi mahali fulani. Bei ikiruka mara tatu kwa umbali ule ule, au akisema hafiki hata kwa pesa, weka alama kwenye ramani. Uliza waendeshaji wa stegi mbili tofauti, maana barabara mbovu wakati wa mvua nayo hupandisha bei.

Ng'ombe hulala wapi? Hili hata halihitaji kuulizwa. Tembea ukitazama. Zizi lililo mita 40 kutoka nyumbani, lenye mlango wa mbao na kamba, ni la watu wanaolala usingizi. Zizi lililogandamana na ukuta wa chumba cha kulala, lenye mlango wa chuma na mnyororo, lilijengwa hivyo kwa sababu. Ukiona mazizi mapya ya namna hiyo matano kwenye kijia kimoja, habari unayo. Vivyo hivyo kwa mahindi: ghala la nje likiwa tupu msimu wa mavuno na magunia yakiwa sebuleni, watu wameshaibiwa.

Kwa chifu au naibu wake swali moja linatosha: mwaka huu kesi ngapi za mifugo zilimalizwa kwa wazee? Idadi hiyo iongeze juu ya ile ya polisi. Mara nyingi ndiyo kubwa kuliko nyingine.

Kuresoi, Molo na sehemu za Njoro zinahitaji swali la ziada ambalo wizi hauligusi. Maeneo hayo yalikumbwa na ghasia za kikabila 1992, 1998 na 2007 hadi 2008, na kabla ya uchaguzi wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliiweka Nakuru miongoni mwa kaunti zenye hatari kubwa. Kata inaweza kuwa na wizi sifuri na bado watu wake wakahamisha watoto miezi miwili kabla ya kura. Uliza kama kuna kamati ya amani, na kama jamii zote zilizowahi kuhasimiana zinakaa ndani yake.

Zilizobaki

Orodha za kesi za mahakama, mfano Molo na Nakuru, hupatikana mtandaoni bila malipo. Zinakuonyesha kesi zinazofika mbele ya hakimu, na kwa mtu mvumilivu zinafaa kulinganisha na idadi aliyopewa na polisi. Kasoro ni kwamba mara nyingi hazitaji kijiji.

Makundi ya WhatsApp ya kijiji ni mazuri kwa tahadhari ya usiku huo huo na mabaya kwa kupima kiwango. Picha ya ng'ombe aliyechinjwa husambaa kutoka kata hadi kata, na baada ya wiki imekuwa matukio manne. Uliza tarehe, jina la kijiji na namba ya OB. Bila hizo, iache ipite.

Namba za dharura 999, 112 na 911 ni za bure, lakini mashambani hifadhi pia namba ya kituo chenyewe na ya naibu wa chifu, kwa sababu anayepokea yuko mbali na anaweza asijue kijia chako. Habari za siri hupokelewa na DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kwa 0800 722 203. Dhuluma za kijinsia ni 1195, watoto ni 116, na malalamiko dhidi ya afisa wa polisi ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, 1559. Kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo kina makao yake Gilgil, hapa hapa Nakuru, lakini usikingoje: ng'ombe akipotea usiku, ripoti kabla ya jua kuchomoza ukiwa na picha yake, rangi, alama ya sikio na upande wa pembe iliyovunjika. Anayesafirisha mnyama anatakiwa kuwa na kibali cha afisa wa mifugo, na kizuizi cha barabarani hakiwezi kumtambua ng'ombe aliyeelezwa kwa simu kuwa "mweusi, mkubwa".