Likizo ya mjini: ule kibandani au mgahawani?

Kwa bei, kibanda kinashinda bila ubishi: hulipii kiti wala mandhari. Muda nao unauokoa, maana baada ya dakika kumi umeshaendelea na matembezi.

Kwenye usafi ndipo wengi tunapokosea. Chakula kinachoepuliwa mbele ya macho yako kikifuka mvuke ni salama kuliko kilichopoa kwenye trei tangu asubuhi, hata trei hiyo iwe ya hoteli kubwa. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Mimi huangalia kwanza foleni ya wenyeji, kisha mikono: anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayegusa chakula? Barafu na kachumbari naviacha, popote pale.

Mgahawa una choo, kivuli na mtu wa kumuuliza kilichomo ndani ya mchuzi. Ukisafiri na watoto, mzee au mwenye mzio, nenda huko. Ukiwa peke yako na siku mbili tu, kula kibandani, saa zilizobaki zipeleke makumbusho. Ila mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hiyo zunguka sokoni.