Uzoefu wangu: zizi la kumlaza farasi ambalo halina urembo

Kwa macho tu, zizi hili halivutii. Uzio ni wa mbao zilizopauka na uwanja wa mazoezi ni wa kawaida. Nilimleta jike wangu hapa kwa sababu ya jibu moja.

Kila zizi nililokwenda niliuliza: usiku wanakula nini? Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali. Akikeshea hori tupu, vidonda vya tumbo haviko mbali. Zizi moja lenye sakafu inayong'aa walinijibu, "Tunawapa asubuhi na jioni, na wanamaliza." Wanamaliza, naam, ndiyo shida yenyewe. Farasi wa kilo 500 anahitaji takribani kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, tena kidogo kidogo. Pale pale nikaona mmoja anang'ata mlango huku akivuta hewa, na jirani yake anayumba kushoto na kulia bila kukoma, mambo ambayo farasi mara nyingi hufanya akifungiwa bila cha kutafuna. Mwenyeji wangu akasema hayo ni mazoea mabaya tu. Mazoea ya nani, sikumuuliza.

Hapa nyasi hutiwa kwenye nyavu za matundu madogo, wanatafuna polepole, na saisi hupita tena usiku kuziangalia.

Mchana kutwa farasi huwa malishoni kwa makundi. Farasi mgeni hutengwa kwanza wiki mbili au tatu kwa kuhofia magonjwa, kisha huonana na wenzake uzio ukiwa katikati. Wangu alipigwa teke siku za mwanzo, na sikulalamika: ndivyo wanavyopangana ukubwa.

Ukienda kukagua, chuchumaa ndani ya chumba uvute hewa kwa kimo cha farasi aliyelala. Mkojo ukikuchoma macho, ondoka. Hapa maranda ni makavu na madirisha huachwa wazi hata kwenye baridi.

Mkataba nao unawaruhusu kumwita daktari wa mifugo bila kunisubiri nipokee simu. Kwa msokoto wa tumbo, ambao unaweza kumuua farasi, saa moja ni nyingi.

Kasoro ipo. Mvua ikinyesha, njia ya malishoni hugeuka tope, na tope la kila siku huharibu kwato na ngozi ya miguu. Wameahidi kumwaga kokoto. Nawapa nyota nne. Ya tano nitaitoa nikiziona hizo kokoto.