Stevia ya unga, kwa sisi tuliokataliwa na sukari ya miwa

Mi hii stevia, kile kitamu kinachotoka kwenye majani ya mmea, naipa nne kwa tano. Ikiwa safi ni tamu mara 200 hadi 300 ya sukari, kwa hiyo kwenye chai unachovya ncha ya kijiko tu basi, ukizidisha inakuachia uchungu flani nyuma ya ulimi na hautoki haraka. Ila jamani geuzeni paketi msome nyuma!! nyingine mbele stevia imeandikwa kubwaaa kumbe ndani wamejaza dekstrosi (nayo ni aina ya sukari) au hata sukari yenyewe ya kawaida. Kwenye keki ndo inaniangusha, haiumuki vizuri wala haipati ile rangi ya kahawia, hapo naongeza erithritoli, kitamu kingine cha kuweka badala ya sukari, utamu wake kama asilimia 70 ya sukari, inapoza mdomo kidogo lakini ujazo inaleta. Sukari ya brauni msihangaike nayo, nyingi ni ya miwa ileile.