Kichwa cha filta cha kuiga kwa Hilux za 2L, 3L na 5L: kinatibu gari linalozima njiani?

Hilux ya zamani ya dizeli ikianza kuzima ovyo, spea ya kwanza kulaumiwa ni kichwa cha filta, kile chenye pampu ya mkono juu yake. Cha kuiga kimejaa Kariakoo na Kirinyaga Road, na bei yake iko chini kwa mbali ukilinganisha na cha ajenti. Kinafanya kazi, ila kinatibu ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo lazima uthibitishwe kabla ya kutoa hela.

Injini hizi za 2L, 3L na 5L hazina pampu ya kusukuma mafuta kutoka tangini. Pampu ya nozeli, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli za injini, ndiyo inayojivutia yenyewe, kwa hiyo njia yote kuanzia tangi hadi hapo hufyonzwa. Ufa kwenye njia hiyo haudondoshi dizeli, unaingiza hewa. Ndiyo maana mtu anainama chini ya gari, anakuta pakavu, anaapa kwamba hakuna panapovuja. Mpira ulio chini ya kitufe cha pampu ya mkono ukichoka, hewa hupita hapo hapo.

Angalia gari linavyozima. Likikatika ghafla kama aliyezungusha ufunguo, kisha likawaka bila matata, shuku umeme wa solenoidi ya kukata mafuta, vali ya umeme iliyo kwenye pampu ya nozeli na inayofunga dizeli ukizima ufunguo. Likipunguza nguvu mlimani na mzigo, tuseme Kitonga, kisha likawaka baada ya kupumzika, ni filta iliyoziba au tangi lisilopumua. Fungua kifuniko cha tangi usikilize kama linavuta pumzi. Likizima mafuta yakiwa chini ya nusu tu, bomba la kunyonyea ndani ya tangi huenda limetobolewa na kutu. Lakini likitetemeka, likazima, na likakataa kuwaka mpaka upampu kwa mkono, hiyo ni hewa. Hapo ndipo kifaa hiki kinapohusika.

Kwa solenoidi, funga taa ya kupimia ya volti 12 kwenye waya wake, urefushe nyaya hadi kwenye dashibodi, kisha endesha. Gari likizima na taa ikazima, fuata fyuzi, soketi na swichi ya ufunguo. Taa ikibaki inawaka na gari limekatika ghafla, solenoidi yenyewe huenda inakata ikipata moto. (Wapo mafundi wanaotoa pini yake ya ndani na kuliacha gari hivyo. Baada ya hapo ufunguo hauzimi injini.)

Kwa hewa, weka kipande cha hozi angavu ya dizeli kati ya filta na pampu ya nozeli, uwashe injini na utazame. Mapovu machache baada ya kubadili filta ni kawaida na huisha. Mkufu wa mapovu usiokatika unaonyesha tundu. Sasa hamishia hozi hiyo upande wa kuingilia filta: mapovu yakitoweka, kosa liko kwenye kichwa au filta, yakibaki, liko nyuma, kuelekea tangini, na kichwa kipya hakitasaidia kitu.

Tuje kwenye kifaa chenyewe. Mashimo ya boliti hukaa sawa na kitufe hujaza mafuta haraka. Udhaifu uko kwenye chuchu za kuvalia hozi. Pitisha kucha: mara nyingi utahisi ukingo mwembamba ulioachwa na kalibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa chuchu. Hozi inapanda juu ya ukingo huo, na pembeni yake hubaki njia ya hewa ambayo klipu haiizibi. Usugue kwa msasa laini mpaka upotee, uoshe vumbi lote kwa dizeli safi, ndipo ufunge. Hozi iliyokakamaa usiirudishe. Kata sentimita mbili za mwisho au weka mpya.

Namba ya filta ni 23303-64010. Swichi ya maji (ile inayotambua maji yaliyotuama) iliyo chini ya filta ya zamani huhamishiwa kwenye mpya, na hapo ndipo kazi nzuri nyingi huharibika: pete yake ya mpira hurudishwa ile ile iliyobonyea, gari linaanza kunyonya hewa kupitia hapo, na kichwa kipya kinasingiziwa. Weka pete mpya, upake dizeli, ukaze kwa mkono. Filta nayo ikigusa kichwa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi.

Pampu mpaka kitufe kiwe kigumu, liache gari lilale. Asubuhi kitufe kikizama kwa ulaini, bado kuna tundu. Na kama kitufe cha kichwa cha zamani kinaamka kigumu na hozi angavu haina povu, kichwa hicho kiache mahali pake. Hela hiyo inatosha hozi na klipu za njia nzima.