Helios 44-2 kwenye Sony a6400: lenzi ya Kisovieti bado inalipa?

Karibuni wadau. Mezani leo kuna Sony a6400, na mbele yake nimefunga Helios 44-2, milimita 58, f/2, lenzi ya enzi za Sovieti iliyofuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss. Umeme haina hata chembe. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa picha za mtu na video za utulivu, chukua. Kwa harusi, iache nyumbani.

Hii hapa adapta, kiungo cha kufungia lenzi hii kwenye kamera. Mnaniona upande wa pili? Hamna kioo, ni bomba tupu la chuma. Lenzi za M42 kama hii Helios, yaani za kufunga kwa skrubu, zinataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye sensa. Sony E, mlango wa lenzi wa kamera hii, ina 18 tu, maana kile kioo cha kupinduka cha kamera za DSLR hakipo, basi bomba la milimita 27 na nusu hivi linajaza pengo. Wenye Nikon za kioo, poleni: kwenu tayari ni 46.5, lenzi inakaa mbali mno, fokasi haifiki vitu vya mbali, na meli iliyotia nanga nje ya bandari haitakaa iwe kali.

Wengi wanakwama hapa: umefunga lenzi, unabonyeza, kamera kimya. Haijafa, inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi, kisha weka M (unapanga kila kitu mwenyewe) au A (kamera inakupangia kasi ya shata).

Fokasi ni mkono wako. Zile rangi ambazo kamera inawasha kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi zinasaidia, ila ukifungua tundu la mwanga lote, f/2, zinadanganya: jicho linawaka, na nywele za kando nazo zinawaka. Mimi nakuza picha kwenye skrini, nanasa jicho, ndipo nabonyeza. Sasa fikiria maharusi wanaingia ukumbini wakicheza, MC anapiga kelele, na wewe bado unazungusha pete!

Kwa sensa ya a6400, 58 inakupa mtazamo wa kama lenzi ya milimita 87 kwenye kamera ya fremu nzima, yenye sensa kubwa zaidi. Tamu kwa uso, ila kwenye chumba cha Sinza mgongo utagonga ukuta. Bodi yako, yaani kamera bila lenzi, ikiwa na kitulizo cha mtikisiko ndani, iandikie 58, siyo 87.

Na yale majani yanayozunguka kama kimbunga nyuma ya mtu, ambayo ndiyo yameipa Helios jina? Kwenye sensa ndogo yanapungua, kwa sababu kingo zimekatwa. Ukiyataka kamili, tafuta kamera ya fremu nzima. Kinachonifurahisha zaidi ni pete ya pili ya mwanga: haina mibofyo, unafungua taratibu huku unarekodi. Ila alfajiri pale ufukwe wa Coco, jua likichomoza baharini, picha inafifia na kuwa nyeupe. Wengine wanaupenda ule mwonekano. Mimi naziba kwa kiganja.

Kabla hujalipa, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni fangasi, na joto letu la Dar na unyevu wake vitailisha vizuri. Usiibebe hata kwa bei ya bure. Ikiwa safi, ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye kufunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwenye mkoba wa ngozi usiiweke.