Marangu au Machame: mzigo unabadilika

Ukipanda Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu ina vibanda vyenye vitanda na magodoro: Mandara, Horombo, kisha Kibo, mita 4,720. Hema huhitaji, ila mfuko mzito wa kulalia beba. Usiku Kibo maji huganda chupani.

Machame ni hema mwanzo mwisho. Ongeza mkeka wa kulalia, na nguo kavu zote ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, maana soksi zikilowa hemani hazikauki. Lakini njia hii hukupandisha hadi mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hukushusha kambi ya Barranco kulala, mwili uzoee hewa nyepesi. Kwa hilo naichagua, mradi ziwe siku 7. Na tafadhali, mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, vitu vyake vikiwemo.